Mukanda wa Tano

Ruti, Mbarara, tarehe 4 mwezi wa tatu 2025

Mama Mariette,

Nakusalimu mu jina la Bwana, wewe na batoto. Mimi ni mzima, mashine yangu ya kushona ni nzima, goti la kushoto tu ndilo limeingia siasa, kila asubuhi linagoma.

Jana Nicodème, yule Murundi wa samaki kavu, amefika hapa na pikipiki yake. Hata hajashuka akasema: «Mzee Appolinaire, mukaza-mwana wako anatafuta kazi chini ya maji.» Nikamwambia: zima pikipiki kwanza, shuka, urudie polepole, niite majirani basikie. Akarudia. Kampuni yenye inasafisha midomo ya mabomba pale ziwa Nakivale inataka muzamiaji mumoja, na kati ya bantu makumi ine mumebaki wawili, wewe na bwana mumoja wa Rugaaga. Mutihani ni tarehe 12 ya mwezi wa ine, mu piscine, lile bwawa la kuogelea la hoteli moja hapa Mbarara. Kampuni inatoa chupa ya hewa, kipumulio na nguo ya mupira, lakini vyombo vya mugongoni kila muntu aje na vyake, vyenye vinamukaa.

Mama Mariette, Mungu akitaka kukusaidia anakupatia baba mukwe kama mimi. Wewe unanijua fundi wa viti vya malori. Elisée mwana wangu, Mungu amupumzishe, hakupenda nijisifie mbele yako, lakini yeye hayuko tena wa kunizuia. Mimi nilizamia miaka sita mu Tanganyika. Tajiri wa Bujumbura alitutuma tukamate samaki wadogo wa rangi, wenye bazungu wanaweka mu kioo na hawawali. Kuna samaki niliyemushika mimi na mikono hii kule Mpulungu, leo anakaa Ujerumani, anakula kwa saa. Nimekula ugali mu inchi ine. Chini ya maji nilikula ndizi moja, juu ya kushindana.

Sasa sikiliza. Usikubali muntu akuuzie gile, ile koti ya kujaa hewa yenye mifuko kila fasi. Ni nguo ya muntu mwingine, itakuwa inazunguka na wewe kama ndoo kubwa na maharagwe matatu ndani. Wewe unataka vintu vitatu: bamba, bawa, na mikanda. Bamba ni sahani ya chuma yenye inalala ku mugongo na kushika chupa. Bawa ni mufuko wa hewa wenye unakaa katikati ya bamba na chupa, ndio unakunyanyua. Mikanda inakufunga ku bamba. Hivyo vitatu ukivipanga vizuri, vinakuwa mwili wako.

Nicodème anajua fasi kuna mali ya wazungu wa utafiti wa samaki waliorudi kwao. Nitaenda kuchagua mwenyewe. Lakini nahitaji vipimo vyako, na unajua vile mimi siwezi kukupigia simu nikuulize upana wa mabega. Barua haina macho, simu iko na sauti, na sauti iko na macho. Kwa hiyo chukua kamba, ujipime wewe mwenyewe, kila kipimo ukifungie fundo, unitumie kamba peke yake. Usiandike namba. Nataka bega kwa bega, mufupa wa shingo mpaka kiuno, na kiuno kuzunguka. Jipime na ile nguo ya mupira ya kuzamia, siyo juu ya kitenge.

Baba Mukwe wako,
Appolinaire, muzamiaji


Rubondo, kambi ya Nakivale, 9 Machi 2025

Baba Mukwe mpendwa,

Nimepokea barua yako, nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu Mariette aliniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Asante. Nilikuwa naogopa kukuambia habari ya kazi hii. Nilidhani utasema mwanamke mjane aende kuzamia na wanaume ni aibu ya nyumba yako. Badala yake umekwenda kuita majirani.

Kamba iko ndani ya bahasha. Fundo jekundu ni mabega, fundo lenye uzi mweusi ni mgongo, na fundo tupu ni kiuno. Jirani yangu Kankindi ndiye aliyenishikia ncha. Aliuliza kama nashonewa gauni la harusi.

Anayetupima ni Afande Ezira, Mganda, zamani alikuwa polisi wa majini. Maneno yake ni machache. Alituambia: «Mimi hapana fundisha nyinyi kuvaa. Mimi naangalia tu siku ya mutihani. Navaa, natoa chini ya maji, navaa tena. Kama kitu nakusumbua, kwenda nyumbani.» Siku mbili kwa wiki tunaruhusiwa kuazima chupa tukajaribu karibu na mashine ya maji, mahali penye uzio ambapo viboko hawafiki. Anayetulinda hapo ni fundi wa mashine, yeye anajua pampu tu.

Simu yangu ni kitochi, haina picha wala intaneti, kwa hiyo mwalimu wangu ni wewe peke yako. Nafasi ni moja, na hawatatuita mara ya pili.

Mungu akulinde, wewe na goti lako.

Orpa, mama wa Mariette


Ruti, tarehe 21 mwezi wa tatu

Mama Mariette,

Kamba imefika. Nimeitundika ku musumari juu ya mashine, kila dereva anayeingia ananiuliza ni dawa ya nini.

Mzigo huu Nicodème anakuletea ni mali yako. Nitakueleza vile nilichagua, sababu siku moja na wewe utachagulia mwingine.

Kulikuwa bamba mbili. Moja ya inox, chuma chenye hakishiki kutu, nzito kama dhambi, ingine ya aliminiyo. Muuzaji, mama mumoja anaitwa Vestine, alinisukumia ile ya inox, eti inadumu. Nikamwambia, mama, mimi nilizamia wakati wewe unanyonya. Inox ni nzuri kwa muntu munene mwenye nguo nzito, inamupunguzia risasi, vile vyuma vizito vya kufunga ku kiuno. Wewe ni mwembamba, maji ya Nakivale hayana chumvi, nguo yako ni nyepesi, na chupa yao tayari ni ya chuma. Inox ingekupeleka chini ukakae huko. Nimechukua aliminiyo. Kilo zikihitajika utaongeza risasi kidogo kidogo, na risasi unaweza kuitupa ukiwa na shida. Bamba hauitupi.

Bawa pia yalikuwa mawili. Kubwa lilikuwa la chupa mbili, zuri, jeusi, lenye sifa. Ukweli nililipenda. Nililishika nusu saa. Lakini bawa kubwa juu ya chupa moja linajikunja pembeni kama chapati, hewa inakimbilia upande mumoja na wewe unageuka kama kuku ku muti wa kuchomea. Nimechukua dogo, la muviringo.

Mikanda nimepitisha mwenyewe. Ni kipande kimoja cha nailoni kigumu, kama kile cha kufungia mizigo ku malori, kinapanda bega la kuume, kinashuka, kinazunguka kiuno, na upande wa kushoto vivyo hivyo. Hii tunahesabu ni mine: mabega mawili, viuno viwili. Kishikio cha kiuno kinafunguka na mukono wa kuume, kwa kuvuta mara moja. Nailoni mupya ni mukaidi, iloweke usiku kucha kabla ya kujaribu. Ukishavaa, peleka mukono nyuma ya shingo. Vidole viguse juu ya bamba. Kama havigusi, bamba iko chini sana.

Sasa, kuna mukanda wa tano. Nimeukunja peke yake mu gazeti. Ncha moja inaingia ku tundu la chini la bamba, ncha ingine nimeishona kitanzi. Huo ni wa muhimu kupita yote. Bila huo mine ingine ni bure. Namna ya kuuvaa sitaandika. Utauona tu utajua.

Barikiwa.

Baba Mukwe wako,
Appolinaire


Rubondo, 30 Machi 2025

Baba Mukwe,

Mzigo umefika, asante sana. Niliweka bamba mezani, watoto wakajiangalia ndani yake kama kioo. Kankindi alikuja, akagusa mishono, akasema, huyu mzee anashona kama mtu anayeomba.

Na ule mkanda wa tano nimeuelewa mara moja, bila kuelezwa. Baba Mukwe, nililia kidogo. Uliwaza hata shingo yangu. Kutoka nyumbani hadi kwenye maji ni mwendo, na vyombo vyote pamoja na chupa ni mzigo wa kweli. Nikaingiza ncha ya chini kwenye tundu, kile kitanzi nikakifunga juu kwenye shingo ya chupa, katikati nikapaweka kwenye paji la uso, nikainama, nikaondoka. Kama vile mama zetu walivyoteremsha mihogo kutoka milima ya Fizi, mkanda kichwani, mikono huru. Rubondo nzima ilitoka kuangalia. Mama mmoja mzee wa Kibembe akapiga vigelegele, akasema hajaona mwanamke akibeba hivyo tangu tukimbie. Asante kwa kunirudishia kitu hicho.

Nikifika majini naufungua, naukunja, namwachia fundi wa pampu.

Shida ni moja. Nikiwa ndani ya maji bamba inapanda. Nikiweka hewa kwenye bawa, lote linakimbilia masikioni, chupa inanigonga kisogo, mkanda wa kiuno unafika kwenye mbavu. Nimeona mikanda ya mabega imelegea, nikaikaza sana, kama tunavyokaza kitenge mtoto asidondoke mgongoni. Sasa inapanda kidogo tu, lakini kuvua siwezi. Jumatano nilinasa na mkono mmoja nyuma, yule bwana wa Rugaaga akanivuta. Ni mtu mzuri. Ingekuwa heri angekuwa mbaya.

Kuna jambo sikukuandikia. Kaka yangu Néhémie, aliye kambi ya Kyaka, ameniandikia kwamba baada ya Pasaka anakuja kunichukua na watoto. Anasema mjane hana kazi ya kubaki kwa wakwe, na kwamba kama ningekuwa na mshahara wangu hapa angenyamaza, lakini sina. Mimi sitaki kuondoka. Kaburi la Elisée liko hapa, na wewe uko karibu. Kwa hiyo unaona kwa nini nataka bamba itulie.

Nifanye nini?

Orpa, mama wa Mariette


Ruti, tarehe 3 mwezi wa ine

Mama Mariette,

Nimesoma barua yako nimekaa ndani ya kiti cha lori cha muntu, na mwenye lori amesimama inje anapiga honi. Mara ya kwanza nilicheka mpaka sindano ikaanguka. Nilipofika kwa Néhémie nikaacha.

Tuanze na mabega. Legeza. Hicho si kitenge na wewe haubebi mutoto. Mutoto unamufunga asitoke, lakini vyombo unavifunga ili utoke. Ngumi yako ipite chini ya mukanda wa bega bila kusukuma. Bega halibebi kintu mu maji, linaonyesha njia tu. Kiuno ndicho kinakazwa, juu ya mufupa wa nyonga, na ukisha kukaza uvute pumzi. Kama huwezi kuvuta pumzi umezidisha.

Na kupanda kwa bamba si kosa la mabega. Ni mukanda wa tano. Mama Mariette, ule si wa kichwa. Umeubebea vizuri, sikatai, hata mama yangu angekusifu, lakini si wa kichwa. Ni wa ndani ya maji. Unatoka chini ya bamba unaenda fasi ingine, na unarudi mbele kushikwa na mukanda wa kiuno, mule mu kitanzi. Ndio unavuta bamba isipande.

Fasi yenyewe (hapa nimefuta misitari mine, usiangalie ku mwanga) ni fasi yenye muntu wa heshima hataji mbele ya mukwe wake. Unaijua. Kila muntu iko nayo. Ukiwaza kidogo utaipata.

Nilifikiria kumutuma Nicodème akuambie kwa mudomo. Lakini mwili wako mu mudomo wa Nicodème, jioni iko sokoni. Perpétue, muke wangu, angekuwa hai, angekuambia huku anachambua maharagwe, bila hata kuinua kichwa.

Tafuta hiyo fasi. Siku zinaisha.

Baba Mukwe wako,
Appolinaire


Rubondo, 6 Aprili 2025

Baba Mukwe,

Naandika haraka, Nicodème amewasha pikipiki.

Mabega nimelegeza, natoka vizuri sasa, asante. Mkanda wa tano niliwaza usiku na mchana. Nikaona ni kwapa. Ni kweli kwapa si mahali pa kutajia mkwe, hasa baada ya kazi. Nimeupitisha kwapa la kushoto ukaja mbele ukashikwa na kiuno. Bado bamba inapanda, tena sasa inapanda upande mmoja, natembea majini kama kaa. Nilimwuliza Kankindi, akasema labda ni wa kushika titi. Tukajaribu. Siyo.

Siku sita zimebaki.

Orpa


Ruti, tarehe 7 mwezi wa ine

Orpa,

Umeona vile nimeanza. Miaka kumi na moja sijataja jina lako. Mbele ya Mariette kuzaliwa nilikuwa nakuita «yule wa Elisée», na kisha nikashukuru mutoto amekuja nipate kukuita jina la heshima. Ndivyo inavyotakiwa, na mimi nimezunguka inchi ine nikitii adabu hiyo, hata fasi zenye hakuna aliyeniona.

Lakini kwapa, Orpa. Nimeketi na barua yako nikajiambia: Appolinaire, wewe mwenye unajisifu kwa madereva wa Kigali na wa Goma, umeshindwa na neno moja, na juu ya neno hilo mutoto wa watu atapigwa chupa kisogoni mbele ya Afande, na kaka yake atakuja kumuchukua.

Nikakumbuka kintu. Mwaka ule nililala na malaria ya kichwa, hapo kwenu Rubondo, mu nyumba ndogo ya inje, Perpétue tayari amekufa, Elisée yuko safari. Nilichafua mashuka. Mukaza-mwana hafui mashuka ya baba mukwe, kila muntu anajua. Asubuhi nilipopata akili yalikuwa yamefuliwa, yameanikwa, na hapakuwa muntu mwingine hapo ila wewe na batoto. Wewe haukusema. Mimi nikajifanya nafikiri ni malaika. Nilijua, Orpa. Nilijua siku ile ile na nikanyamaza miaka mitatu, juu ya kukushukuru ingekuwa kutaja. Aksante. Naomba samahani imechelewa.

Kwa hiyo leo mukwe amelala. Mwenye anaandika ni baba. Baba anaogesha mutoto wake, anamufuta kamasi, haoni haya.

Mukanda unapita kati ya miguu.

Nimeandika. Hakuna radi. Unatoka chini ya bamba, nyuma, unapita katikati ya matako, kati ya miguu, unakuja mbele mpaka chini ya kitovu. Hapo mukanda wa kiuno unapita ndani ya kitanzi, kisha unafunga kishikio. Usiukaze sana, utaumia ukiinama, nawe utanilaani. Simama, inama, chuchumaa. Kama unachuchumaa vizuri na bamba haipandi ukisukuma na mukono kutoka chini, ni sawasawa. Mutihanini, ukivuta kishikio, kitanzi kitatoka chenyewe na mukanda wa tano utaning'inia nyuma yako kama mukia. Usiusahau wakati wa kuvaa tena. Peleka mukono nyuma, uutafute, uulete mbele, ndipo ufunge. Mimi mara ya kwanza niliusahau, nikatoka juu na bawa masikioni, tajiri akaniuliza kama nimeota mapembe.

Wanaume wote watakuwa wanavaa hivyo hivyo. Usione haya. Na wakikutazama, watazame wewe pia.

Sitakuja ku piscine. Hiyo si juu ya ukwe. Nikiona muntu wangu anashuka mu maji moyo wangu hautulii, na nitawaharibia.

Kama neno langu limekukwaza, choma barua. Lakini mukanda upitishe.

Baba yako,
Appolinaire


Rubondo, 14 Aprili 2025

Baba,

Sikuichoma barua. Niliisoma, nikakaa chini, nikaangalia ule mkanda, halafu nikacheka hadi Kankindi akaja na mwiko. Alipoelewa akasema, wanaume bwana, wiki mbili kwa jambo ambalo kila nepi inajua.

Jumanne hiyo hiyo barua ilipofika nilijaribu. Baba, ilikuwa kitu kingine. Niliweka hewa, bawa likabaki mahali pake, na mimi nikabaki mahali pangu. Nilikuwa nimelala ndani ya maji sawa na mtu aliyelala kitandani kwake. Nilitoa hewa yote nikavuta tena, ili tu nirudie. Fundi wa pampu alidhani nimepata shida.

Jumamosi tulikuwa watu kumi na wawili kwenye ile piscine, kutoka wilaya mbalimbali, kila wilaya na nafasi yake, mwanamke mimi peke yangu. Nilipitisha mkanda mbele yao. Nikakumbuka ulivyoandika, nikawatazama. Wakaangalia chini, kila mmoja akashughulikia wake.

Bwana wa Rugaaga alitangulia. Alikuwa na gile ya kuazima, kubwa. Kuvua alivua vizuri. Kuvaa tena, gile ikaelea mbele yake, akaikimbiza, hewa ikamshinda, akatoka juu. Afande Ezira akaandika.

Mimi nikashuka. Nilivuta kishikio, kitanzi kikatoka, nikatoa mkono wa kushoto, wa kuume, nikaweka vyombo sakafuni, kipumulio mdomoni. Nikavirudia. Mabega yaliingia kama kuvaa sweta. Nikashika mkanda wa kiuno nikaanza kufunga, na nikawa nimesahau. Kweli nilisahau. Bamba ikaanza kupanda, taratibu, ndipo nikajua. Nikafungua tena, nikapeleka mkono nyuma, sikuupata. Nikapeleka mara ya pili. Ulikuwa umejikunja chini ya chupa. Nikautoa, nikauleta mbele, nikafunga. Nilichukua muda mrefu kuliko wote. Nilipotoka juu nilidhani nimeshindwa.

Afande akachuchumaa pembeni ya maji, akaweka ngumi yake chini ya mkanda wa bega langu, akavuta bamba kutoka juu, haikusogea. Akasema: «Hii mikanda nakaa muzuri. Wewe mama nachelewa, lakini wewe naona makosa yako chini, wewe natengeneza chini. Huyu mwingine nakuja kutengeneza juu. Juu kuna hewa, kila mutu najua kutengeneza.» Halafu akauliza: «Nani nafundisha wewe?»

Nikasema, fundi wa viti.

Nafasi ni yangu, Baba. Bwana wa Rugaaga alikuja kunishika mkono, akaniuliza kama huyo fundi anaweza kumshonea na yeye. Nimemwambia atumie kamba.

Néhémie nimemwandikia leo. Nimemwambia aje Pasaka kutembea, watoto watafurahi kumwona, na arudi peke yake.

Jambo moja limebaki. Afande alinipa karatasi ya kujaza. Kuna mstari wa mtu wa kuitwa kama nimepata ajali majini. Nikaandika jina lako. Akasoma, akauliza, huyu ni nani kwako. Nikasema baba. Akaangalia jina langu la ukoo, akaangalia lako, akasema, majina hapana fanana, ni baba mukwe? Nikamwambia, Afande, andika baba. Akaandika.

Lakini karatasi inataka sahihi yako mbele ya mwenyekiti wa zoni, na irudishwe Jumatano baada ya Pasaka. Kwa hiyo uje Jumanne. Ulete kitambulisho, siyo kopi.

Asante kwa lile neno. Najua bei yake.

Binti yako,
Orpa


Ruti, tarehe 17 mwezi wa ine

Orpa binti yangu,

Nitakuja Jumanne na pikipiki ya Nicodème. Goti limeambiwa.

Ruti yote inajua. Nimewaambia madereva kwamba binti yangu anafungua maji ya kambi nzima na mikono yake, na kwamba kama chai yao ina ladha ni yeye. Dereva mumoja wa Kabale akasema maji ya Mbarara hayatoki Nakivale. Nimemukatalia kumushonea kiti mpaka Jumatatu.

Hiyo sahihi nitaiweka polepole, na jina lote, Appolinaire yenye p mbili. Lakini nasikia ubaridi kidogo, sikufichi. Karatasi ile ni ya kuniita kama kuna ubaya. Naomba Mungu ikae mu kabati yao mpaka wino upotee. Kila asubuhi kabla ya kushuka, inama, chuchumaa, gusa mikanda yote mitano na mukono, hata kama Afande anapiga kelele. Hiyo unifanyie.

Ingine ni hii. Miaka kumi na moja nikija kwako unaniletea chakula inje, ku kiti cha pembeni, sahani imefunikwa, na wewe unarudi ndani unafunga mulango. Ulifanya vizuri, ndivyo mukwe analishwa. Ugali wako ninaujua lakini sijawahi kuona meza yako.

Jumanne usitoe kiti inje. Nitavua viatu niingie. Nikae fasi yoyote yenye Mariette atanionyesha, na tule pamoja. Usipike mingi, lakini usipike kidogo.

Aksante, mutoto wangu.

Baba yako,
Appolinaire